Mpira wa kaboni ndani ya mwanzi: fulereni, vimeng'enya na kidonge cha jioni

Hotuba hii ilitolewa Iringa mjini mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa kidato cha sita na wahudumu wa afya kutoka mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu walimu, ndugu wahudumu wa afya, na ninyi wanangu wa kidato cha sita: kamwene! Nanyi mliotoka Tukuyu na Kyela kwa basi la alfajiri, mugonile. Nawashukuru kwa kuiacha Jumamosi yenu ya shambani na ya sokoni ili mje kusikiliza habari za kemia.

Niliombwa nizungumzie vizao vya fulereni, ile molekuli ya kaboni iliyo kama mpira, na jinsi vinavyotafitiwa kama vizuizi vya vimeng'enya. Najua jinsi jina hilo linavyosikika. Linasikika kama jambo la maabara za mbali, lisilohusiana na mtu anayeamka asubuhi yenye ukungu wa Makete au Mufindi. Kwa hiyo, kabla sijaitaja fulereni, naomba niulize: ni nani katika ukumbi huu asiyemfahamu hata mtu mmoja anayemeza kidonge cha TLD, kile cha kufubaza VVU, kila jioni?

Sioni mkono. Wala sikutegemea kuuona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, maambukizi ya VVU kwa nchi nzima yalikuwa asilimia 4.4, lakini Njombe yalikuwa asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1, na Mbeya asilimia 9.6. Hao ni ndugu zetu. Sasa, kidonge kile kina nini ndani yake? Kina dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza huzuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kunakili RNA yake kuwa DNA, na ya tatu huzuia kimeng'enya kinachoipachika DNA hiyo ndani ya DNA ya seli zetu. Yaani kila jioni, kuanzia Ludewa hadi Tunduma, watu wetu wanameza vizuizi vya vimeng'enya. Kuzuia kimeng'enya ndiyo kazi inayowawezesha kina mama wengi wa mikoa hii kuwalea watoto wao hadi wakakua.

Basi kimeng'enya ni nini? Nilikutana nacho nikiwa na miaka tisa, jikoni kwa mama yangu, na sikujua kwamba nimekutana nacho. Mama alikuwa akitengeneza togwa. Aliloweka ulezi, akauacha uote, akauanika, akausaga ukawa kimea. Halafu alipika uji mzito wa mahindi, mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Kisha akangoja. Alikuwa akichovya kidole, anatikisa kichwa, anangoja tena, mpaka uji ukawa wa uvuguvugu. Hapo ndipo aliponyunyiza kimea na kukoroga. Mwiko ukaanza kuinama. Ukainama zaidi, ukaangukia ukingo wa sufuria, na uji ule uliokuwa kama ugali ukawa unamiminika. Baadaye ukawa mtamu, ilhali hakuna aliyetia sukari.

Siku nyingine aliniachia mimi. Nilikuwa na haraka, nikatia kimea uji ukiwa bado unatokota. Nilikoroga mpaka mkono ukauma. Mwiko haukuinama. Mama hakunigombeza, alichukua kiganja kingine cha kimea, akaniambia, "Huu umeuua, mwanangu. Ngoja upoe, tuanze tena."

Alisema kweli, ingawa hakuwa amesoma kemia. Ndani ya kimea mna kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho ni protini, na kazi yake ni kuukata wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa sukari, kuwa vipande vifupi. Moto mkali uliliharibu umbo lake, na kimeng'enya kisicho na umbo lake hakina kazi. Walimu, neno hili umbo tulishike, maana mambo yote nitakayoyasema leo yanaegemea juu yake. Kila kimeng'enya kina mahali pake pa kazi, tundu au bonde ndani ya protini, ambamo kile kinachokatwa huingia na kukaa sawasawa. Kizuizi hakifanyi kama moto wa sufuria yangu. Kizuizi hakikiunguzi kimeng'enya. Mara nyingi huingia mahali pake pa kazi na kukaa, na wakati kimekaa pale, kinachotakiwa kukatwa hakipati nafasi.

Sasa tuje kwenye fulereni. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Marekani, Harold Kroto aliyetoka Chuo Kikuu cha Sussex cha Uingereza, pamoja na Robert Curl na Richard Smalley na wanafunzi wao, walikuwa wakipiga grafiti kwa miali ya leza ili waelewe jinsi kaboni inavyojiunga kule kwenye anga za nyota. Kila walipopima, kundi la atomu 60 lilijitokeza kupita mengine yote. Kwa nini 60? Kwa nini si 58 au 64? Smalley alikaa usiku nyumbani kwake na karatasi, mkasi na utepe wa gundi. Alijaribu kuunganisha pembesita peke yake, na hazikujikunja kuwa kitu kilichofungika. Alipozichanganya na pembetano, karatasi ilianza kujikunja, ikaendelea, ikajifunga kuwa tufe lenye pembetano 12, pembesita 20 na pembe 60. Tufe hilo mnalijua wote, kwa sababu mpira wa miguu ule wa zamani, wenye vipande vyeusi na vyeupe, umeshonwa hivyo hivyo. Wakaipa molekuli hiyo jina la Buckminster Fuller, msanifu wa Marekani aliyekuwa akijenga makuba makubwa ya mtindo unaofanana na huo. Mwaka 1996 Kroto, Curl na Smalley walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwaka 1990 Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Arizona walionyesha namna ya kuipata kwa wingi: walipitisha umeme kwenye vijiti vya grafiti ndani ya gesi ya heli, wakakusanya masizi, na ndani ya masizi hayo fulereni ikawamo. Naam, masizi. Ndugu zangu, masizi ninayoyataja ni ya maabara, na naomba mtu yeyote asitoke hapa akakwangua dari la jiko la kuni akidhani amepata dawa. Masizi ya jikoni yamejaa vitu vinavyoumiza mapafu. Ninachotaka mkione ni kwamba tufe hili zuri kupita kiasi lilipatikana ndani ya kitu ambacho sisi sote hukifuta na kukitupa.

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote. Mnaona kipande hiki cha mwanzi? Nimekikata jana pembezoni mwa shamba la ulanzi. Kiko wazi pande zote mbili, na ndani ni laini. Kirusi cha VVU kina kimeng'enya kingine, ambacho TLD haikigusi, kiitwacho proteasi. Kirusi kinapotoka kwenye seli, protini zake zinakuwa bado zimeungana katika mnyororo mmoja mrefu, na proteasi ndiyo mkasi unaoukata mnyororo huo. Usipokatwa, kirusi kinachozaliwa ni kichanga kisichoweza kuambukiza. Proteasi hii imeundwa kwa nusu mbili zinazofanana kabisa, kila moja ikiwa na asidi amino 99, na pale nusu hizo zinapokutana mna tundu lililo kama mwanzi huu, wazi pande mbili, lenye upana wa takriban nanomita moja. Kuta zake, kwa sehemu kubwa, ni za asidi amino zisizopenda maji. Katikati zimekaa asidi mbili za aspatiki, moja kutoka kila nusu, nazo ndizo makali ya mkasi.

Je, ni kitu gani kina upana wa takriban nanomita moja, ni cha mviringo, na hakipendi maji?

Ndiyo. Naona vijana wa mstari wa nyuma mmekwisha kuona. Ndivyo walivyoona Simon Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, wakishirikiana na kundi la Fred Wudl la Santa Barbara. Mwaka 1993, kabla dawa yoyote ya kuzuia proteasi haijaidhinishwa, maana ya kwanza, saquinavir, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1995, wao waliuliza swali ambalo mtoto anayechezea mwanzi na mpira angeliuliza: je, mpira huu unaingia? Kwenye kompyuta uliingia. Lakini fulereni tupu haiyeyuki katika maji, na damu ni maji. Kwa hiyo waliipachika mikono miwili yenye vikundi vya asidi mwishoni, mikono inayopenda maji, ili tufe likae ndani ya tundu na mikono ichomoze nje. Hicho ndicho tunachokiita kizao cha fulereni. Wakakitia pamoja na proteasi kwenye maabara, na kimeng'enya kikazuiwa. Kipimo cha nguvu ya kizuizi hicho kilikuwa maikromola 5.3.

Katika mwaka huo huo, Raymond Schinazi na wenzake walikijaribu kwenye seli za damu za binadamu zilizoambukizwa, na kuzaliana kwa kirusi kulipungua kwa nusu kwa kiasi cha karibu maikromola 7, huku seli zisizoambukizwa zikivumilia hadi maikromola 100 bila kuonekana kudhurika.

Hebu tuutazame ukweli wa tarakimu hizo bila kuupamba. Kadiri tarakimu hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo kizuizi kinavyoshika kwa nguvu zaidi. Dawa za kuzuia proteasi zilizokuja baadaye, zikiwemo lopinavir na atazanavir ambazo wahudumu wa CTC, zile kliniki za VVU, mnazijua kwa sababu huwapa wagonjwa wa mstari wa pili, yaani ambao dawa za kwanza hazikuwafaa, hushika kwa viwango vya nanomola, yaani vidogo mara elfu moja na zaidi. Mpira uliingia kwenye mwanzi, lakini ulikuwa ukichezacheza humo, haukubana. Watafiti wenyewe walilisema, na wakaeleza kwamba ingefaa kuongeza vikundi vya kuzifikia zile asidi mbili za aspatiki. Wengine waliifuata njia hiyo kwa miaka mingi na wakapata vizao vyenye nguvu zaidi. Hata hivyo, hadi leo hakuna dawa ya VVU iliyotokana na fulereni inayotolewa kliniki.

Kwa nini? Kuna sababu kadhaa, na moja yao inanigusa kwa namna ya pekee, kwa hiyo nitaikalia.

Naomba mkumbuke kikombe cha chai ya rangi ya Mufindi iliyochemshwa mno, ikasahauliwa jikoni mpaka ikawa nyeusi. Ukiinywa, ulimi unafanyaje? Unapata ukakasi. Mdomo unakauka ingawa umejaa maji. Ukakasi huo ni tanini za chai zinazozishika protini za mate yako na kuzikusanya pamoja. Tanini hazichagui. Ukitia chai nzito kama ile kwenye jaribio la amilasi, itapunguza kazi yake. Ukiitia kwenye jaribio la kimeng'enya kingine, na kingine, utaona mambo kama hayo. Je, tutasema basi kwamba tumegundua dawa ya kila ugonjwa? Hatutasema. Tutasema kwamba tumepata kitu kinachong'ang'ania protini.

Sasa rudini kwenye fulereni. Vizao vyake vilijaribiwa dhidi ya proteasi, kisha dhidi ya kimeng'enya kinachonakili RNA ya VVU, kisha dhidi ya kimeng'enya cha kirusi cha homa ya ini aina ya C, kisha dhidi ya kile kinachotengeneza oksidi ya nitriki mwilini mwetu. Mara kwa mara jibu lilikuwa: kinazuiwa. Wapo waliofurahi. Mimi orodha kama hiyo hunitia wasiwasi, na nitawaeleza kwa nini. Tufe lisilopenda maji, hata likipachikwa mikono, hutafuta matufe wenzake, nayo hujikusanya kuwa mafungu makubwa kuliko kimeng'enya chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Brian Shoichet huko Marekani lilionyesha kwamba kemikali nyingi zilizosifiwa kuwa vizuizi hazikuwa zikiingia kwenye tundu lolote. Zilijikusanya mafungu, na protini zikanasa juu ya mafungu hayo kama vumbi kwenye utando wa buibui. Na wakaonyesha jaribio rahisi ajabu: tia tone dogo la sabuni ya maabara. Sabuni huyavunja mafungu. Uzuiaji ukitoweka, ujue hukuwa na mpira ndani ya mwanzi. Ulikuwa na chai yenye ukakasi.

Halafu mwaka 2016 likaja jambo ambalo mimi nililisoma mara tatu. Kundi la watafiti lilichapisha kwamba vizao vya fulereni walivyovitengeneza vilizuia kuzaliana kwa VVU kwa nguvu, na vilivuruga ukomavu wa kirusi, ila proteasi yenyewe ilikuwa ikiendelea na kazi yake. Mnanisikia? Kwa zaidi ya miaka 20 picha ya mpira ndani ya mwanzi ilikuwa ikifundishwa, na hapa kuna vizao vinavyomzuia kirusi bila kuugusa mkasi. Hilo halifuti kipimo cha mwaka 1993, kwa kuwa kizao kile kilikuwa kingine na kilipimwa na kimeng'enya chenyewe. Lakini linatuambia kwamba umbo linaweza kukuelekeza kwenye mlango, na bado kilichotokea ndani ya nyumba kikawa kingine. Wako wanaoona habari kama hiyo ni aibu kwa sayansi. Mimi naiona ni heshima yake, kwa maana mtu aliyeipenda picha yake kwa moyo wote bado alikubali ipimwe.

Kuna habari ya samaki ambayo lazima niiseme, kwa sababu inaonyesha kwamba kosa linaweza kuegemea upande wa hofu pia. Mwaka 2004 Eva Oberdörster alichapisha kwamba samaki wachanga waliowekwa kwenye maji yenye fulereni walipata madhara katika mafuta ya ubongo. Dunia ilishtuka. Lakini fulereni ile ilikuwa imetawanywa majini kwa msaada wa kiyeyushi kiitwacho tetrahaidrofurani, na mwaka 2007 watafiti wengine walionyesha kwamba sumu iliyoonekana katika majaribio ya namna hiyo ilitokana na mabaki yaliyozalishwa na kiyeyushi hicho kilipoharibika. Tulikuwa tumemshitaki mgeni kwa kosa la aliyembeba.

Nami sasa nihame kwenye samaki nije nyumbani. Mwaka juzi mama yangu mdogo, anayeishi Makambako na ambaye ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake, alinipigia simu usiku. Alikuwa ametumiwa kwenye kundi la WhatsApp tangazo la chupa ya mafuta ya zeituni yenye "kaboni 60". Tangazo lilisema inaongeza maisha na inasafisha virusi. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye unayeisoma hiyo kaboni? Nikiinunua, naweza kupumzika na hivi vidonge?"

Nilikaa kitako kitandani. Nilimwambia, "Mama mdogo, kidonge cha leo umekwisha kukimeza?" Akasema bado, alikuwa anangoja jibu langu. Nikamwomba akimeze tukiwa bado kwenye simu. Nilisikia kikombe kikigonga meza. Ndipo nilipomweleza. Nilimweleza kwamba mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la panya wachache waliopewa fulereni ndani ya mafuta ya zeituni, likadai kwamba waliishi muda mrefu zaidi, na kwamba biashara ya chupa hizo imejengwa juu ya jaribio hilo. Nilimweleza kwamba watafiti wengine walipolirudia kwa panya wengine, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, maisha hayakuongezeka, na mafuta yale yalipopigwa na mwanga yaligeuka sumu. Nilimweleza kwamba hata kizao kile cha maabara cha mwaka 1993 si kitu kimoja na kaboni iliyokorogwa kwenye mafuta, na kwamba hakuna aliyeonyesha kuwa chupa ile inaweza kushika nafasi ya kidonge chake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona wanaandika kwamba ni sayansi?"

Wahudumu wa afya, swali hilo mtaulizwa na ninyi, na naomba msilijibu kwa kumkemea mgonjwa. Mwulizeni kwa upole: je, kitu hicho kilizuia kimeng'enya kwenye kichupa, au kilimzuia kirusi kwenye seli, au kilipewa watu wagonjwa wakafuatiliwa wakaonekana wamepona? Kati ya kichupa na seli pana mto. Kati ya seli na mgonjwa pana ziwa zima la Nyasa. Kuzuia kimeng'enya si kutibu mgonjwa. Nasema tena, kuzuia kimeng'enya si kutibu mgonjwa, ingawa dawa zote tatu zilizomo katika kile kidonge cha jioni ni vizuizi, nazo zilianzia maabara, zikavuka mto, zikavuka ziwa, na kila mvuko ulipimwa.

Wanangu wa kidato cha sita, sitaki mwondoke na maneno tu. Kwenye meza ya mbele kuna karatasi ngumu, mikasi, gundi, uzi na vipande vya mwanzi. Kila kikundi kikate pembetano 12 na pembesita 20 zenye pande zilizo sawa, kiziunganishe kwa namna ambayo pembetano mbili hazigusani, na kitengeneze tufe litakalopita kwenye mwanzi wake. Pimeni linabana kiasi gani, muandike. Kisha pachikeni mikono miwili ya karatasi, mpime tena. Mwisho, yafungeni matufe ya vikundi vitano pamoja kwa uzi, mjaribu kuliingiza fungu hilo kwenye mwanzi ule ule, na muandike mlichokiona. Walimu, nitayapokea maswali yenu hapa hapa wakati wao wanakata.